Kutoka jua la Kolkata hadi karatasi ya printa

Kila tarehe 28 Februari, India huadhimisha Siku ya Taifa ya Sayansi. Siku kama hiyo mwaka 1928, mjini Kolkata, C. V. Raman na msaidizi wake K. S. Krishnan walikuwa wakichunguza mwanga unaotawanywa na vimiminika. Waligundua kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga huo hutoka ikiwa imebadilika rangi. Walitumia vifaa vya bei nafuu: jua lenyewe, lenzi, vichujio vya rangi na macho yao. Mwaka 1930 Raman akatunukiwa Nobel ya fizikia.

Kila aina ya molekuli hubadilisha rangi ya mwanga kwa namna yake, kama alama ya kidole. Kwa hiyo mtu akiusoma mwanga uliotawanyika, anaweza kujua ni molekuli gani iliyoutawanya. Ila mwanga wa namna hii ni hafifu mno: takriban fotoni moja katika kila milioni kumi. Leza ilipovumbuliwa mwaka 1960 kazi ilirahisika, lakini mitambo ikawa ghali, na molekuli zilizo chache sana bado hazikuonekana.

Jibu lilitokea pasipotarajiwa. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan waliparuza uso wa elektrodi ya madini ya fedha ili molekuli nyingi zaidi za kemikali iitwayo piridini zipate pa kushika. Mwanga uliobadilika rangi ukaongezeka sana, nao wakadhani ni kwa sababu ya wingi wa molekuli. Mwaka 1977 David Jeanmaire na Richard Van Duyne wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba wingi huo haukutosha kueleza ongezeko la karibu mara milioni moja. Mwaka huohuo Albrecht na Creighton wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walifikia hitimisho kama hilo.

Maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba mwanga huzitikisa elektroni za fedha kwa pamoja, kisha nguvu yake hujikusanya kwenye mianya midogo ya uso huo. Molekuli iliyonasa humo hung'aa kupita kiasi. Mwaka 1997 vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kwa njia yake, viliripoti kutambua molekuli moja tu.

Unafuu nao ukarejea. Mwaka 2010 Wei Yu na Ian White wa Chuo Kikuu cha Maryland walichapa chembe za fedha kwenye karatasi kwa printa ya wino ya kawaida, wakapata kihisi cha kutumia mara moja na kutupa.

Hata hivyo, karatasi hiyo haijisomi: inahitaji leza na kipima mwanga, na karatasi mbili zinaweza kutoa majibu yanayotofautiana. Kazi iliyobaki ni kushusha bei ya vifaa hivyo vya kuisomea na kuhakikisha majibu yanalingana. Hadi hapo, kihisi cha bei rahisi kitakuwa nusu ya kifaa.