Ski zilipohamia Alpi

Wengi wetu tukisikia ski, zile mbao nyembamba za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji, tunadhani zilizaliwa kwenye milima ya Alpi. Hapana. Huko ni mgeni, tena mgeni wa juzi tu. Zilitoka Norwei, ambako kwa karne nyingi watu walizivaa kwenda kuwinda na kutembeleana wakati wa majira ya baridi.

Kilichozihamisha ni kitabu. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake 5 walivuka Greenland kwa ski. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka 1890, mwaka uliofuata kikapatikana kwa Kijerumani, na wasomaji wa Austria, Uswisi na Ujerumani wakaanza kuagiza ski kutoka Norwei. Sehemu hii ya historia naipenda sana: mtu anafunga kitabu, anaagiza mbao.

Basi, mbao zikafika, mlima ukakataa. Ski hizo zilikuwa ndefu, zinafaa nyanda na vilima. Miteremko ya Alpi ni mikali, ina misitu na miamba. Mguu ulishikwa kwa mikanda sehemu ya mbele tu, kisigino kikicheza huku na huku. Hebu fikiria: unashuka kwa kasi, mbele yako msonobari, na ski haikusikii.

Mmoja wa wasomaji wa Nansen alikuwa Mathias Zdarsky, aliyeishi shambani karibu na Lilienfeld, Austria. Hakuwa na wa kumfundisha. Jamaa alijifunza peke yake kwa miaka kadhaa, akijaribu hili na lile. Akazifupisha ski. Akatengeneza kifungio cha chuma chenye springi: kisigino kiliweza kuinuka wakati wa kupanda, lakini mguu haukuyumba pembeni wakati wa kushuka. Akabuni namna ya kupiga kona kwenye mteremko mkali, akisaidiwa na fimbo moja ndefu, na mbinu zake akazichapisha kitabuni mwaka 1896. Machi 19, 1905, washindani 24 walishuka mlima Muckenkogel wakipita kati ya milango 85.

Watetezi wa mtindo wa Norwei hawakufurahi, na maneno makali yakarushwa pande zote mbili. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini Zdarsky naye, aliyethubutu kubadili kila kitu, aliing'ang'ania fimbo yake moja. Ikabidi aje mwanajeshi, Georg Bilgeri, kuchanganya mbinu za pande zote mbili na kufundisha watu kutumia fimbo mbili.

Mwaka 1912 ski zilifika hata kwetu. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuzitumia wakati wa kushuka. Barafu mojawapo ya kileleni ina jina la Furtwängler mpaka leo, lakini ski hazikukaa. Kwa nini? Naona jibu liko kwenye makazi ya watu. Alpi theluji hushuka hadi vijijini na kufunga njia. Kilimanjaro iko juu, mbali na migomba ya Wachaga. Chombo hukaa pale kinapopata kazi.

Kuna jambo moja ambalo kifungio cha chuma hakikuweza kulitatua. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Zdarsky alilisaidia jeshi la Austria kama mtaalamu wa maporomoko ya theluji. Februari 1916, kusini mwa nchi, alikwenda kuwaokoa askari waliofukiwa, na poromoko jingine likamzoa yeye. Mwili wake ulivunjika na kuteguka mahali kama 80. Alipona, akajifunza upya kutembea, hata kuteleza, na akaishi hadi 1940.

Kama theluji iliweza kumfanyia hivyo Zdarsky, mgeni atajiaminije? Ndiyo maana wapanda milima kwa ski, wale wasiotegemea lifti, hawabebi ski tu. Wana beleshi mgongoni. Wakifika mlima wasioujua huchimba shimo, hutazama tabaka za theluji, na wakiona tabaka dhaifu chini ya zito, huacha mteremko ule na kutafuta njia nyingine.