Samli au malai? Rangi ya chumba cha biharusi
Biharusi anayehamia nyumba ya mawe asichague kati ya rangi ya samli na ya malai kwa kutazama kikaratasi cha dukani. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, mwanga uliingia kiwandani, ukapita misana, ukafika hafifu ndani, chumba cha wanawake. Ndiyo maana kuta zilikuwa nyeupe za chokaa, na zidaka zikapangwa vyombo vya kauri vya China. Kwenye mwanga kama huo samli huonekana hudhurungi. Mimi nachukua malai. Tena iwe chokaa iliyotiwa udongo wa rangi. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na rangi ya plastiki huuzuia kutoka mpaka lipu ibambuke. Chokaa ikikauka hufifia sana, kwa hiyo ijaribu ukutani kwanza, usubiri ikauke.