Pesa ya Shaba ya Wazee: Tusiioshe kwa Ndimu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, hapa Carama na kwingineko sarafu ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu ikikutwa ndani ya sanduku la babu, wengi wetu hukimbilia ndimu na majivu ili ing'ae. Leo tunakumbushana kwamba kufanya hivyo ni kufuta historia.

Neno pesa, lililotoka Bara Hindi, lilikuwa jina la sarafu hasa. Mwaka 1299 Hijria (1882) Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa ya shaba yenye picha ya mizani. Kisha kampuni ya Kijerumani ikatoa yake, 1890 hadi 1892: upande mmoja tai, upande wa pili Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307 hadi 1309. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 ikaja heller, ndiyo hela tunayoitaja mpaka leo. Heller 100 zilifanya rupia, na Kiarabu hakikuwamo tena. Burundi nayo ilikuwa chini ya Wajerumani hadi 1916, na mji wetu ukiitwa Usumbura.

Je, tutajuaje kama sarafu imesafishwa? Shaba ikizeeka huwa ya kahawia. Sarafu iliyolika kwa kupita mikono mingi haiwezi kung'aa kama mpya. Iking'aa, basi imesuguliwa. Tuitazame juani kwa kioo cha kukuzia: mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja ni alama ya brashi au mchanga. Rangi ya waridi iliyopauka, yenye vitobo vidogo, ni alama ya ndimu au asidi.

Iliyosafishwa bado ni ya kweli, ila thamani yake imepungua. Ya bandia ni jambo jingine. Sarafu halisi iligongwa kwa mhuri wa chuma, hivyo herufi zake zina kingo kali pale zisipolika. Ya bandia mara nyingi humiminwa kwenye kalibu: herufi huwa butu, uso una vishimo vya mapovu, na ukingoni huonekana mstari wa kiungo. Tuipime pia. Pesa halisi ina uzito wa kama gramu 6 na nusu. Ikinaswa na sumaku, si shaba.

Kipimo kimoja hakitoshi, tuvikusanye vyote. Wanafunzi nao wasome mwaka wa Hijria wenyewe, kwani mwaka usiolingana na mtawala hufichua uongo.

Na anayeuza aseme wazi kama sarafu imesafishwa. Suratul Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na mizani ile imo kwenye pesa ya Barghash yenyewe. Anayehifadhi aifunge kwenye karatasi kavu, aandike ilitoka kwa nani, kisha aiache na weusi wake.

Wabillahi tawfiq.