Upepo wa tairi na uzito wa mzigo: Hesabu ya usalama katika njia ya Karatu na Ngorongoro

MAGARI yanayotoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita katika mazingira ya aina tatu ndani ya safari moja. Kuanzia Makuyuni hadi Mto wa Mbu, barabara ni ya lami, tambarare na yenye joto, ikiwa karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo hupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara, ikapita Rhotia na mji wa Karatu ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hadi lango la Lodoare. Mbele ya lango, njia huingia msituni na kufika ukingo wa kreta, takriban mita 2,300, mahali penye ukungu, utelezi na baridi kali nyakati za asubuhi.

Katika safari hiyo yote, kinacholiunganisha gari na ardhi ni matairi yake tu. Na kinachobeba uzito wa gari kwa sehemu kubwa si mpira wa tairi, bali ni upepo uliomo ndani yake. Ndiyo maana suala la upepo na suala la mzigo haliwezi kutenganishwa: kiwango cha upepo ambacho ni salama kwa gari tupu kinaweza kuwa cha hatari kwa gari hilo hilo likiwa limejaa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo hilo. Gari lenye uzito wa kilo 3,000, ikiwa uzito umegawanyika sawasawa, huweka kilo 750 juu ya kila tairi. Tairi hilo likiwa na upepo wa psi 40, yaani paundi 40 kwa kila inchi ya mraba, sehemu inayogusa ardhi huwa kama sentimita 270 za mraba. Hiyo ni pungufu ya nusu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia. Juu ya eneo dogo kama hilo ndipo breki hushika na usukani hutii.

Kinachotokea upepo ukipungua

Tairi lenye upepo mdogo hubonyea kila linapozunguka. Ubavu wake hukunjwa na kukunjuka mamia ya mara katika kila kilometa, na mkunjo huo huzalisha joto. Mzigo ukizidi, mkunjo huwa mkubwa zaidi. Mwendo ukiongezeka, joto hukosa nafasi ya kutoka. Hatimaye mpira huanza kuachana na nyuzi na nyaya zilizomo ndani, na tairi hupasuka au huvuka ngozi yake ya juu. Mara nyingi dereva husema tairi lilipasuka ghafla, ilhali lilikuwa likiharibika kwa ndani kwa saa nyingi au siku kadhaa.

Upepo uliozidi nao una madhara yake. Tairi hugusa ardhi kwa sehemu ya katikati peke yake, kashata za katikati huisha mapema, gari hurukaruka kwenye makorongo, na jiwe lenye ncha hulikata tairi kwa urahisi zaidi. Uwezo wa kusimama haraka kwenye barabara iliyolowa pia hupungua.

Kiwango sahihi kinapopatikana

Kiwango cha upepo huwekwa na mtengenezaji wa gari, wala si fundi wa pancha au dereva mzoefu. Huandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, au katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi kibandiko huonyesha viwango viwili: kimoja cha gari lenye watu wachache na kingine cha gari lililojaa. Mara nyingi tairi za nyuma huhitaji upepo mwingi zaidi gari linapobeba mzigo.

Namba ya upepo iliyochapwa ubavuni mwa tairi isichanganywe na kiwango hicho. Hiyo huhusu ukomo wa tairi lenyewe, na haisemi ni upepo kiasi gani unaofaa kwa gari fulani.

Ubavuni huko huko kuna habari nyingine muhimu. Tairi lenye maandishi 195/65R15 91H lina faharasa ya mzigo ya 91, maana yake ni kwamba linaweza kubeba hadi kilo 615. Faharasa ya 108 ni kilo 1,000, na ya 120 ni kilo 1,400. Herufi inayofuata huonyesha mwendo wa juu ambao tairi limejengwa kuustahimili. Namba nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa stoo au juani kwa miaka mingi huweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira wake ukawa umekauka na kuingia nyufa.

Kupima wakati tairi limepoa

Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, yaani kabla ya gari kuondoka asubuhi au baada ya kusimama kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi lililotembea hupata joto na kipimo chake hupanda kwa psi kadhaa. Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kupunguza upepo wa tairi la moto kwa kuwa geji imesoma juu. Tairi hilo likipoa hubaki chini ya kiwango, na safari inayofuata huanza na hatari.

Katika njia ya Ngorongoro, mwinuko na hali ya hewa huongeza jambo jingine katika hesabu. Kadiri gari linavyopanda, hewa ya nje huwa nyepesi, na geji husoma juu zaidi ingawa hakuna upepo ulioongezwa. Kutoka Mto wa Mbu hadi ukingo wa kreta, ongezeko hilo ni kama psi 2. Lakini baridi hufanya kinyume. Tairi lililojazwa upepo wa psi 45 pale Mto wa Mbu mchana wa nyuzi joto 30, likilala ukingoni na kuamkia nyuzi 8, hupoteza takriban psi 4 kwa sababu ya baridi peke yake. Ukitoa psi 2 zilizoongezwa na mwinuko, bado asubuhi hiyo gari litakuwa na upungufu wa psi 2 katika kila tairi. Kwa hiyo gari linalolala ukingoni linastahili kupimwa upya kabla ya kuondoka, kwa geji ya gari lenyewe.

Kupima kwa kupiga teke au kugonga kwa nyundo hakutoshi. Kwa malori na mabasi yenye matairi pacha, tairi la ndani linaweza kuwa limeishiwa upepo huku la nje likibeba mzigo wa yote mawili bila dalili ya wazi. Tairi la akiba nalo husahauliwa hadi siku linapohitajika, likakutwa halina upepo.

Mzigo wa gari la watalii

Magari mengi ya watalii yanayoonekana Karatu ni Land Cruiser zilizorefushwa, zikaongezewa viti na paa la kuinuliwa. Kazi hiyo ya karakana huongeza nafasi, lakini haiongezi yenyewe uwezo wa ekseli, breki wala matairi. Uzito wa vyuma na viti vilivyoongezwa huchukua sehemu ya uzito ambao mtengenezaji aliruhusu kwa ajili ya abiria na mizigo.

Hesabu yake si ngumu. Watu wanane, dereva akiwemo, kwa wastani wa kilo 75 kila mmoja, ni kilo 600. Mabegi ya watalii saba kwa kilo 15 ni kilo 105. Dizeli lita 180 ni kama kilo 150. Ukiongeza maji ya kunywa, jokofu, vyakula, vifaa na tairi la pili la akiba, jumla hupita kilo 900 kwa urahisi. Gari ambalo tofauti kati ya uzito wake likiwa tupu na ukomo wake likiwa limejaa ni kilo 800 litakuwa limezidi, hata kama kila kiti kina mtu mmoja. Njia ya uhakika ni kulipima gari kwenye mizani likiwa tayari kwa safari, ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake.

Mzigo wa juu ya paa unahitaji tahadhari ya pekee. Huinua kitovu cha uzito, hivyo gari huyumba zaidi kwenye kona. Mahema, magogo ya kuni na madumu ya mafuta yakiwekwa juu, gari lililokuwa tulivu kwenye lami ya Makuyuni huwa gumu kulimudu kwenye kona za mteremko wa kreta.

Vitunguu, lumbesa na mizani

Si watalii peke yao wanaotumia barabara hizo. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ni mashuhuri kwa kilimo cha vitunguu, na malori hupandisha mazao hayo kwenda Karatu na masoko ya mbali. Hapo tatizo la lumbesa, yaani ujazaji wa gunia kupita kipimo, hugeuka kuwa tatizo la usalama barabarani. Dereva anayehesabu magunia 80 akiamini kila moja lina kilo 100 hudhani amebeba tani 8. Ikiwa kila gunia lina kilo 130, amebeba tani 10.4. Tani 2.4 za ziada zimo ndani ya gari bila yeye kuzijua, na matairi ndiyo yanayozijua.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inahusu magari yenye uzito kuanzia tani 3.5. Ukomo wake ni tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa jumla ya gari zima lenye mzigo. Nchini Tanzania mizani ya barabara kuu husimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS).

Ukomo huo pia hulinda barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hukua kwa kasi kubwa kuliko uzito. Kwa kanuni iliyotokana nayo, ekseli iliyozidishiwa mzigo kwa asilimia 20 huharibu barabara karibu mara mbili ya kawaida. Mashimo hayo baadaye hukata matairi ya magari yote, yakiwemo yaliyofuata sheria.

Fundisho kutoka Marekani

Uhusiano wa upepo, mzigo na joto ulijulikana dunia nzima mwaka 2000, wakati kampuni ya Firestone ilipoyaita tena matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Matairi yalikuwa yakivuka ngozi na magari kupinduka. Pamoja na ubora wa matairi yenyewe, mjadala uligusa kiwango cha upepo cha psi 26 kilichopendekezwa na Ford, ambacho kiliacha nafasi ndogo kwa gari lililojaa na kwenda kasi siku za joto. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosababisha magari mapya madogo kuwekewa vifaa vya kumwonya dereva upepo unapopungua.

Barabara ya vumbi na mteremko

Baadhi ya madereva hupunguza upepo kidogo wanapoingia kwenye njia ya changarawe ili gari litulie. Hilo linawezekana kwa mwendo mdogo na mzigo wa wastani, kwa sharti moja: upepo urudishwe kabla ya kurejea kwenye lami. Gari linalotoka Ngorongoro na upepo uliopunguzwa, likashuka kwa kasi kuelekea Mto wa Mbu likiwa limejaa, limekusanya hatari zote kwa pamoja.

Kushuka ndani ya kreta, ambako huruhusiwa magari yanayoendesha magurudumu yote manne, kunahitaji gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto, na joto hilo huhamia kwenye rimu na matairi. Kadiri mzigo ulivyo mkubwa, ndivyo breki zinavyofanya kazi zaidi.

Tairi likipasuka, dereva anapaswa kushika usukani kwa mikono miwili, kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu na kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe kabla ya kulitoa pembeni. Kukanyaga breki kwa nguvu au kukata kona ghafla ndiko kunakopindua magari mengi.

Wakazi wa Karatu wanaijua gharama ya ajali. Mei 6, 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kwa mtihani wa majaribio, lilitumbukia kwenye korongo eneo la Rhotia. Kati ya watu 38 waliokuwemo, 35 walifariki dunia: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Ajali kubwa huwa na sababu zaidi ya moja, na mteremko, mvua na mwendo haviko daima mikononi mwa abiria. Lakini idadi ya watu ndani ya gari na hali ya matairi yake huweza kukaguliwa kabla gari halijaondoka.

Ukaguzi huo hauhitaji zaidi ya dakika kumi: kusoma kibandiko cha mlangoni, kupima matairi yote pamoja na la akiba yakiwa yamepoa, kutazama kashata na nyufa, kuhesabu watu, na kukadiria mzigo kwa kilo badala ya kwa macho. Abiria naye ana haki ya kuuliza, na ya kushuka anapoona gari limejazwa kupita kiasi.