Chuma cha Kisimani: Historia ya Hesabu Inayozihusu Karagwe na Kyerwa

Maji yenye chuma kingi hutoka kwenye pampu yakiwa maangavu, kisha yakikaa ndani ya ndoo kwa saa chache yanageuka rangi ya kutu. Ukiyapikia chai inakuwa nyeusi, ukiyafulia shuka jeupe linabaki na madoa. Wa kwanza kulaumiwa ni mwamba. Na kweli, miamba ya Karagwe-Ankole, iliyopewa jina la eneo hili la kaskazini-magharibi mwa Tanzania katika vitabu vya jiolojia duniani, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja na haikosi chuma. Lakini mwamba unatoa mali ghafi tu. Chuma kiyeyuke lini, na kwa kasi gani, kwa sehemu kubwa huamuliwa na bakteria, na sayansi ilichukua karne nzima kulikubali hilo.

Mwaka 1888 Mrusi Sergei Winogradsky alieleza kwamba wapo bakteria wanaoishi kwa kugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu. Mwaka 1942, mjini Paris, Jacques Monod alitoa mlinganyo unaoonesha jinsi kasi ya ukuaji wa bakteria inavyopanda pamoja na chakula hadi kufikia kikomo. Philip Froelich na wenzake walipochunguza mashapo ya Atlantiki, mwaka 1979 walionesha kuwa oksijeni hutumika kwanza, kisha nitrati na manganizi, halafu chuma, halafu salfeti. Hata hivyo wengi waliendelea kuamini kwamba oksijeni ikiisha, chuma huyeyuka chenyewe. Derek Lovley na Elizabeth Phillips waliitikisa imani hiyo mwaka 1988 kwa bakteria wa tope la mto Potomac, Marekani, anayekua kwa kutumia chuma kama sisi tunavyotumia oksijeni. Baadaye programu za kompyuta za kukokotoa kemia ya maji, kama PHREEQC inayotolewa bure, ziliweza kukokotoa pia kasi ya bakteria hao kwa mlinganyo wa Monod.

Sasa tazama bonde la mto Kagera. Mafunjo yanakufa na kuzama, bakteria wanayala, oksijeni inakwisha topeni na zamu ya chuma inafika. Kwa hoja hiyo, kisima cha pembezoni mwa bwawa la mafunjo na kisima cha mlimani vinaweza kutofautiana sana hata kama mwamba wake ni mmoja.

Watakaopinga kuzitumia hesabu hizi kwa visima vyetu watasema mlinganyo wa Monod ulizaliwa kwenye chupa za maabara. Ni kweli, na ardhini bakteria huenda polepole mno kuliko maabarani. Ndiyo maana namba za mlinganyo huo lazima zipimwe hapa hapa, zisiazimwe. Wengine watasema wananchi wanahitaji pampu, si hesabu. Lakini kisima ambacho watu wamekikimbia kwa sababu ya kutu na kurudi kwenye chemchemi isiyo salama ni fedha iliyopotea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba chuma huenda kinatoka kwenye mabomba yenyewe yanayoliwa na maji yenye asidi. Hili linapimika. Pampu iendeshwe kwa saa kadhaa: chuma kikipungua sana, bomba ndilo lenye kosa, kikibaki vilevile, kinatoka ardhini. Sampuli ichujwe na kutiwa asidi pale pale kisimani, maana ikisafirishwa hivi hivi, chuma kitatuama chini ya chupa kabla ya kufika maabara.