Fyuzi ya Joto Kali

Mashine ya kukaushia nguo inazunguka, ngurumo yake ni ileile, lakini saa nzima inapita na shuka zinatoka baridi na mbichi. Mswahili aishiye Marekani au Kanada, ambako mashine hizi ni kitu cha kawaida majumbani, akimuuliza ndugu anayejua umeme huenda akaambiwa: “Angalia fyuzi.” Jibu hilo si baya, ila halijataja ni fyuzi ipi, na hapo ndipo watu hupotea.

Fyuzi tuliyoizoea, ile ya ndani ya plagi ya pini tatu, hukatika umeme unapopita mwingi kuliko kiasi: waya wake mwembamba huyeyuka. Hii ya kwenye mashine haina habari na wingi wa umeme. Kazi yake ni kuhisi joto. Ni kidude kidogo chenye ncha mbili za kuchomekea waya, na mara nyingi hufungwa kwenye njia ya hewa, karibu na feni. Katika mashine nyingi za Marekani hukata hewa inapofika kama nyuzijoto 90 za Selsiasi. Kikishakata hakirudi, hununuliwa kingine.

Wengine huichanganya na themostati. Themostati hukata na kuwasha tena, mzunguko hata mzunguko, ili joto lisipande wala kushuka mno. Fyuzi hufa mara moja. Kwa Mswahili neno “fyuzi” tayari lina maana ya kitu kinachokufa ili kingine kisalimike, kwa hiyo sioni haja ya kulitafutia mbadala. Kinachonisumbua ni “fyuzi ya joto” peke yake, kwa kuwa msikilizaji anaweza kudhani ndiyo inayoleta joto. Napendekeza tuseme “fyuzi ya joto kali”. Jina hilo linataja kilichoiua, na fundi akilisikia atauliza swali linalostahili: joto hilo kali limetoka wapi?

Mara nyingi limetokana na hewa iliyokosa pa kutokea. Vumbi la nguo, lile laini kama pamba, hujaa kwenye chujio, likapita na kuganda ndani ya bomba la kutolea hewa nje. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kuwa kati ya 2008 na 2010 mashine za kukaushia zilisababisha moto wa nyumba takriban 2,900 kila mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafishwa. Anayebadilisha fyuzi bila kusafisha bomba ataibadilisha tena. Anayeiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja ameondoa kinga, naye ameacha moto na vumbi pamoja. Jambo hilo lisifanywe hata kwa siku moja.

Kabla ya kufungua chochote, tazama swichi ya mashine kwenye boksi la umeme. Mashine ya umeme ya huko hutumia volti 240 kwa kupasha hewa joto, lakini kwa kawaida mota yake huhitaji 120 tu. Upande mmoja wa umeme ukikosekana, pipa huendelea kuzunguka bila joto, na fyuzi husingiziwa bure. Umeme ukiwa mzima, chomoa plagi, toa waya za fyuzi, uipime kwa mita ya fundi: nzima hupitisha, iliyokufa haipitishi kabisa. Ikiwa nzima, pima waya wa hita, ambao kwa mashine nyingi husoma kama omu 10. Uliokatika hausomi kitu. Zipo pia mashine ambazo fyuzi hii ikifa hata mota haiwaki, kwa hiyo mchoro wa waya uliobandikwa kwenye mashine usomwe kwanza.

Bomba likishasafishwa, lile la plastiki lisirudishwe. Liwekwe la chuma gumu la inchi 4, fupi kadiri nafasi inavyoruhusu, na kifuniko cha nje kikaguliwe mashine ikiwa inafanya kazi: kinapaswa kuinuka kwa nguvu ya hewa.