Bendera Yenye Majina Si Ngawira

Askari wa Marekani waliopigana na Wajapani katika visiwa vya Pasifiki walirudi makwao na panga, bastola, kofia za chuma, na vitambaa vyeupe vyenye duara jekundu katikati. Vitambaa hivyo vilikuwa na maandishi ya wino mweusi yaliyotoka kwenye duara na kusambaa pande zote kama miali ya jua. Wengi wa waliovichukua hawakuweza kuyasoma. Yalikuwa majina ya watu. Wajapani huiita bendera ya namna hiyo yosegaki hinomaru. Hinomaru ni duara la jua, yaani bendera ya taifa. Yosegaki ni maandishi yaliyochangwa na wengi. Kijana alipoitwa jeshini, kitambaa cha hariri au pamba kilipitishwa kwa wazazi, majirani, walimu na wenzake wa kazini, na kila mmoja akatia jina lake kwa brashi. Aghalabu ziliongezwa herufi nne kubwa za kumtakia bahati ya kudumu vitani. Kijana akaikunja bendera yake na kuivaa chini ya shati, karibu na mwili. Ilikuwa hirizi, na wakati huohuo ilikuwa barua ya kijiji kizima kwa mtoto wao.

Mimi naishika hiyo maana ya pili, kwa sababu ndiyo inayoamua nani mwenye haki. Ngawira ni mali ya vita: bunduki, risasi, bendera ya kikosi. Kitu binafsi cha marehemu ni amana kwa yeyote aliyekiokota, na amana haigeuki kuwa mali ya mshikaji, hata ikikaa kabatini miaka 80. Wala hili si wazo la watu wa leo wanaowahukumu wa jana. Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu majeruhi na wagonjwa vitani, ambao Marekani na Japani zote ziliuridhia kabla hazijapigana, uliziagiza pande zinazopigana kukusanya vitu binafsi vilivyokutwa uwanjani au kwenye maiti na kukabidhiana. Anayesema kwamba zama zile kila askari alichukua anasema kweli kuhusu mazoea. Kuhusu sheria, amekosea. Wakubwa wenyewe walijua kwamba pana mpaka. Septemba 1942 kamandi ya majini ya Marekani katika Pasifiki ilipiga marufuku kufanya viungo vya maiti za adui kuwa kumbukumbu, na mwaka 1944 Rais Roosevelt alirudisha kisu cha kufungulia barua kilichochongwa kutokana na mfupa wa mkono wa Mjapani, zawadi aliyopewa na mbunge. Mpaka ulichorwa kwenye mfupa. Kitambaa, ingawa kilitoka kwenye maiti ileile, kiliachwa kipite.

Uzito wa kitambaa hicho hauonekani mpaka tutazame kilichowafikia ndugu wa marehemu. Kwa hesabu ya serikali ya Japani, watu wake wapatao milioni 2.4 walikufa ng’ambo, ukijumlisha Okinawa na Iwo Jima, na mabaki ya takriban milioni 1.12 kati yao hayajarudishwa. Familia nyingi zililetewa kisanduku cha mbao nyeupe. Ndani yake mlikuwa na mchanga, au mawe, au karatasi yenye jina, basi. Familia ya Sadao Yasue, wa kijiji cha Higashishirakawa katika mkoa wa Gifu, ilipokea sanduku la mawe machache. Bendera yake ilikuwa Montana, nyumbani kwa Marvin Strombo, mwanamaji aliyeichukua kisiwani Saipan mwaka 1944. Agosti 2017, akiwa na umri wa miaka 93, Strombo aliipeleka mwenyewe hadi kijijini na kumkabidhi mdogo wa marehemu. Ilikuwa na majina ya watu wapatao 180. Pamoja na bendera alileta habari ambayo serikali haikuwahi kuileta: alivyoukuta mwili umelala kwa ubavu kama wa mtu aliyesinzia, bila jeraha kubwa la kuonekana, na ni sehemu gani ya kisiwa. Kwa miaka 73 hakuna aliyewaambia ndugu hao mahali pa kuelekeza dua zao.

Wapo wanaosema askari aliipata kwa kuhatarisha roho yake, na ni haki yake kuiweka au kuirithisha wanawe. Hoja hii naiheshimu, maana aliyepigana Saipan hakuwa mtalii. Lakini ujasiri wake unathibitishwa na rekodi yake ya jeshi na nishani zake. Jina la jirani wa adui wake haliongezi chochote juu yake. Tena si kila bendera ilitoka vitani. Mafundi wa ujenzi wa jeshi la majini, waliokuwa na vitambaa, rangi na muda wa ziada, walitengeneza za bandia na kuwauzia marubani na mabaharia waliotaka kwenda kujisifu nazo nyumbani. Ikiwa soko halikujali kutofautisha kilichotolewa kifuani mwa maiti na kilichopakwa rangi jana karakanani, ni vigumu kusema kwamba thamani yake ilikuwa ujasiri. Leo bendera hizo huuzwa minadani, na mnunuzi wa sasa hakuhatarisha ila pesa zake.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Jeshi lililobeba bendera hizi ndilo lililoua raia wa Nanjing mwaka 1937 na kuwatumikisha mateka hadi kufa katika reli ya Burma na Siam. Kuzirudisha kwa hafla na machozi, wanasema wakosoaji, ni kulisafisha jeshi hilo kwa mlango wa nyuma, mvamizi ageuzwe mwana mpendwa wa watu. Hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la meli ya Lexington, Corpus Christi, Texas, lilitoa bendera liliyokuwa likiionesha tangu 1994 ili irudi kwa familia ya askari mwingine aliyefia Saipan. Hafla ya makabidhiano ilifanyika Tokyo katika hekalu la Yasukuni, ambako tangu 1978 wanaenziwa pia wahalifu wakuu 14 wa vita. Nadhani mahali hapo palichaguliwa vibaya, na Mchina au Mkorea akichukia ana haki. Hata hivyo, lawama hiyo inahusu ukumbi. Mjane wa askari yule alikuwa na umri wa miaka 102. Kumnyima kitambaa cha mumewe kusingepunguza hatia ya jenerali yeyote. Hatia ya dola hulipwa kwa mahakama, kwa fidia, kwa vitabu vya shule vinavyosema kweli. Anayeitoza kutoka kwa mjane amekosea mdaiwa. Isitoshe, bendera ikisomwa inawashtaki wakubwa waziwazi zaidi kuliko ikining’inia kwenye kioo bila tafsiri: inaonesha jinsi mtaa mzima, mwalimu akiwemo, ulivyotakiwa kutia sahihi safari ya kifo ya kijana mmoja.

Kuhusu makumbusho, hoja yao ya kwamba wao wanajua kutunza hariri isiliwe na mwanga na wadudu ni ya kweli, ila inajibu swali la utunzaji. Swali la mwenyewe linabaki palepale. Familia ikishapokea ina hiari ya kuikabidhi makumbusho ya mji wake, kuizika, au kuikataa kabisa. Kukataa nako ni haki, na hakufanyiki mpaka mtu awe ameulizwa.

Kinachowezesha haya yote ni majina. Jumuiya ya OBON, iliyoanzishwa mwaka 2009 mjini Astoria, Oregon, na Rex na Keiko Ziak, imerudisha bendera kwa mamia kwa njia hiyo. Wasomaji wa mwandiko wa zamani huanza na jina la askari, kisha hutafuta jina la kiwanda, hekalu au kijiji, kisha ukoo ambao haupatikani kila mahali; majina 30 ya kawaida yakikutana na moja adimu, mkoa hujulikana. Keiko mwenyewe aliingia kazini kwa sababu bendera ya babu yake, aliyefia Burma, ilitokea Kanada na kuifikia familia yao mwaka 2007, bila kutarajiwa.

Burma inatuhusu na sisi. Mwaka 1944, kuanzia Agosti hadi Desemba, askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw kwenye matope na malaria, wakiwasukuma Wajapani hadi Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Wale waliokufa bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye nguzo za mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon, na mjukuu anayejua jina kamili la babu yake ana pa kuanzia. Lakini rudi nyuma miaka 30 tu, kwenye vita vya 1914 hadi 1918, kwa wapagazi waliobeba chakula na risasi kutoka pwani hadi Ruvuma na ambao kikosi chao kiliachia Kariakoo jina lake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tuseme kesho mtu afungue sanduku la babu yake huko Uingereza akute tasbihi, kibuyu cha tumbaku au bangili ya shaba iliyotoka kwenye mwili wa mpagazi njiani kwenda Mahenge, na tuseme ana nia njema kama ya Strombo. Atauliza ofisini ni ya nani na aipeleke kijiji gani. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, haitamsaidia, maana haina jina la marehemu hata mmoja.